Maandishi ya Mlango wa Solbakken

Hebu mwone Tarlochan Singh akishuka treni pale Stechford, Uingereza, Februari 1968. Kilemba cha buluu, koti la kuazima, na sanduku la randa na patasi alilolikumbatia kama mtoto. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa seremala kutoka Kenya, mwana wa seremala, na hakuamini kwamba Uingereza kuna randa ya maana.

Kazi aliyopata haikuhitaji randa. Alikwenda kiwanda cha Longbridge kufunga milango ya magari, siku nzima mlango baada ya mlango, na sanduku likakaa chini ya kitanda. Hakulalamika. Ila alizoea kusema, "Baba yangu alitengeneza mlango mmoja kwa miezi miwili."

Mlango huo ulikuwa wa kanisa la Solbakken, mji mdogo wa nyanda za juu za Kenya. Usihangaike kuutafuta kwenye ramani.

Sasa, siku moja kituoni Stechford alimsikia mwanamke akinung'unika kwa Kiswahili, "Jamani, baridi hii ina kisirani!"

"Vaa soksi mbili, sista, itakuheshimu."

Mwanamke akageuka, akaona kilemba, akacheka mpaka treni ikamwacha. Alikuwa Edah, muuguzi, na kwao ni Solbakken hiyohiyo. Tangu hapo kila Jumapili alikula kwa Tarlochan na mkewe, Kulwant, na akamwita Fundi.

Mwaka 1973 Edah alirudi kutoka likizo nyumbani na kijitabu cha kuwaongoza wageni wa mji huo. Baada ya chakula akakisoma kwa sauti. Mji ulianzishwa 1912 na familia kumi na moja za Wanorwe waliokuja kulima ngano. Kuna maporomoko ya maji, jibini ya kahawia tamu kama kashata, na kanisa la mbao lenye vichwa vya majoka kwenye paa. Kisha: "Juu ya mlango kuna maandishi ya kale ya Kinorwe, ambayo leo hakuna awezaye kuyasoma. Wageni huyagusa kuomba heri."

"Lete hapa," alisema Tarlochan.

Akaitazama picha. Akacheka.

"Hiki ni Kipanjabi. 'Bishan Singh ameutengeneza. Mvua siku tisa.'"

"Usinitanie, Fundi! Mimi nilibatizwa pale. Niliyagusa kabla ya mtihani wa uuguzi!"

"Ukafaulu?"

"Nikafaulu."

"Basi mshukuru baba yangu."

Akavuta sanduku, akafungua. Ndani ya kifuniko, jina la baba yake kwa herufi zilezile. Edah akazipitishia kidole taratibu.

"Waandikie," alisema Kulwant. "Lakini si kwa hasira."

Tarlochan alitaka jambo moja tu: kijitabu kisichapishwe tena bila jina la baba yake. Aliandika kwa Kiswahili, akatia na picha ya kile kifuniko.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kutoka kwa Cleopas, mtunza kanisa aliyekuwa ameandika kijitabu. "Mzee wangu, nisamehe. Mgeni wa kwanza aliponiuliza, niliona aibu kusema sijui. Nikasema ni ya Wanorwe. Wajukuu wao nao hawakutaka kukiri kwamba hawajui. Tutasahihisha."

Na kweli walisahihisha. Kijitabu kipya kilifika mwaka 1975. Ukurasa wa nne: "Mlango ulichongwa na fundi Bishan Singh, aliyeandika jina lake juu yake." Tarlochan alisoma mara tatu, akamsomea Kulwant, akakitia sandukuni pamoja na patasi.

Ndani ya bahasha kulikuwa pia na kipande cha karatasi, mwandiko wa Cleopas. "Wageni sasa wanapiga picha majoka, wanapita. Hakuna anayegusa maandishi tena, ila mimi ninapoyapaka mafuta."

Jumapili iliyofuata Edah alimuuliza kama anajuta. Tarlochan alikuwa akifuta kutu kwenye randa ambayo hakuitumia miaka saba.

"Sijui, sista," alisema. "Kweli sijui."

Nawe je, ungekuwa mwana wa Bishan, ungetaka kipi: jina lijulikane, au mikono iendelee kuligusa?