Pumzi za Damari

Kanisa letu la Misigiri lilinuka popo na chaki. Popo walilala juu kwenye nyasi za paa, na chaki ilikuwa ya Mwalimu Zakaria, aliyetufundisha kwaya kila alasiri watu wakishatoka mashambani. Mwingereza alifungasha virago miaka mingi iliyopita, nami nikinusa chaki bado kifua hunibana kidogo. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, kwa hiyo chaki nimeinusa sana, wala si mtu wa kutishwa na mizimu. Nasimulia haya kwa kuwa yalinipata.

Kwaya nyingine za Iramba ziliimba nyimbo za wamisionari zilizotafsiriwa, maneno yakigombana na sauti. Sisi tuliimba za Mwalimu mwenyewe, na alikuwa na utaratibu wake: hakutunga wimbo hivi hivi, alimtungia mtu. Alimketisha mwimbaji kwenye kigoda, akamwimbisha kidogo kidogo huku akiandika noti ubaoni kwa herufi, d, r, m, f, na kila mwimbaji alipovuta pumzi, aliweka koma ndogo juu ya mstari. Alituambia koma ile ni amri. Hapo tunapumua, si kabla, si baada. Wimbo wake mzuri kuliko zote aliutunga kwa dada yake Damari, aliyeongoza sauti ya kwanza. Damari alikuwa ameshaanza kukohoa. Alifariki mtama haujakomaa, wimbo ukabaki ubaoni, na Mwalimu hakuruhusu mtu aufute.

Baada ya mavuno kwaya za vijiji zilikuwa zikutane Ulemo, na Mwalimu alitaka wimbo ule uimbwe huko. Akapita mbele yetu akitusikiliza mmoja mmoja, akasimama kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nafasi ya Damari, hatua moja mbele ya wenzake, ilikuwa haijakanyagwa tangu msiba, na dada wakubwa wa kwaya waliinamisha macho kila Mwalimu alipoitazama. Mimi niliirukia. Nilikuwa na kiburi cha sauti, na nilikuwa nimeitamani nafasi hiyo hata Damari akiwa hai.

Koma za wimbo ule zilikaa mahali pa ajabu. Mbili zilikaribiana katikati ya neno moja, kisha kimya kirefu kidogo, kisha sauti ikapanda tena. Nilizifuata kama zilivyoandikwa. Nikauimba nikiteka maji, nikauimba nikipepeta. Jioni moja kabla ya chakula nilikuwa natwanga, siimbi chochote, Mama akaacha kuchochea moto akanitazama.

"Yunisi, nani amekufundisha kupumua hivyo?"

Mama ndiye aliyemuuguza Damari mwezi wake wa mwisho, wakilala chumba kimoja. Alikuja akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo muda mrefu. "Ni yake," alisema. "Fupi mbili, halafu anangoja." Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijaribu kupumua kama kawaida, nikakuta siikumbuki kawaida yenyewe.

Asubuhi tulimkuta Mwalimu kanisani, mbele ya ubao wake. Mama alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba amenipa pumzi za marehemu, aziondoe.

"Nikiziondoa, mama Yunisi, Damari atabaki wapi? Kwingine kote ameshaondoka."

"Sijui, Mwalimu. Lakini huyu wangu bado yupo, nami nataka abaki."

Sikuwahi kumwona mtu mzima ametahayari vile. Mwishowe walikubaliana kwamba nitauimba Ulemo mara moja tu, kwa pumzi zangu mwenyewe.

Siku ya Ulemo jua lilikuwa kali na kanisa lilijaa hadi madirishani. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikaa mbele, kofia magotini. Tulifika ubeti ninaoimba peke yangu, wenzangu wote wamefunga midomo. Kwenye zile koma mbili sikupumua. Nilishikilia noti kwa nguvu zangu zote, nikapitiliza. Na karibu na sikio langu la kushoto, mahali pasipo na mtu, mtu alivuta pumzi. Fupi mbili, halafu akangoja. Mkono wa Mwalimu uliganda juu. Mama, safu ya tatu, alikuwa amesimama. Nilimaliza wimbo kwa sababu niliogopa zaidi kunyamaza na kusikia kitakachofuata.

Watu walitusifu sana. Mwalimu alirudi Misigiri, akaingia kanisani na vumbi la njia miguuni, akalowesha kiganja, akaufuta ubao wote mpaka pembeni. "Amechoka," alisema bila kugeuka. "Nimemwimbisha mtu aliyechoka." Nilimhurumia nikalia. Siku chache baadaye Mama aliniwekea tena kiganja kifuani, akatabasamu, akanituma maji.

Sasa naishi mjini, Utemini, kwa binti yangu. Juzi vijana wa kwaya ya hapa, wenye vinanda vya umeme na simu zinazonasa kila kitu, waliimba wimbo ule. Nadhani mmoja wa wale dada wakubwa aliondoka nao kichwani, ukapita mdomo kwa mdomo. Sisi tulikuwa na ubao mmoja, na kilichofutwa kimefutwa. Hawa hawapotezi kitu. Katikati ya lile neno, wote thelathini walivuta pumzi mara mbili, wakangoja. Nilimwita kiongozi wao, akaniamkia, nikamwuliza nani amewaonyesha pa kupumulia.

"Hakuna, bibi. Ukiuimba, wenyewe unakusimamisha hapo."

Nilitaka kumwambia awafundishe kupumua vingine, nikashindwa. Pale kwenye kiti cha plastiki nami nilikuwa nimeshapumua, fupi mbili, na nilikuwa nangoja, na Mama hayupo tena wa kuniwekea kiganja kifuani.