Mgeni Aliyefika Jikoni

Nyie watoto mnaosoma haya, msinionee huruma kwa kuwa niliishia darasa la nne. Nisikilizeni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa kila kona, binti yangu alipata kazi kwenye duka la intaneti hapa Mwananyamala. Alitunza seva, kompyuta inayowapa watu kurasa wanazoziomba. Siku moja kurasa za wateja zikakutwa zimefutwa, pameandikwa matusi. Tajiri wake, mwenye duka, akaja kwangu, akasema mbele ya majirani kwamba binti yangu kampa bwana wake neno la siri la kuingilia seva.

"Mama, mwambie akiri tu, aombe radhi, yaishe."

Nikamwita binti. "Ulitoa?"

"Sikutoa, mama. Aliyeingia hakulihitaji."

Programu inayoendesha seva ile, akasema, imetenga nafasi ndogo ya kupokea ombi la mtu, na haipimi urefu wake. Mtu akatuma ombi refu makusudi, nafasi ikajaa, lililozidi likamwagikia pale mashine inapoweka maagizo yake. Humo kaficha amri zake. Mashine ikazitii ikidhani ni za kwake yenyewe.

Tajiri akacheka. "Hadithi hizo!"

Mie sikucheka. Kwenye arusi ya mdogo wangu watu walizidi, mkeka wa sebuleni ukajaa, wanawake wakasogea uani mpaka jikoni. Mmoja, hata leo hatumjui, akakaa karibu na masufuria akaanza: "We, toa masinia haya, peleka kwenye gari lile." Wapishi wakatoa. Nani amuulize mtu aliyekaa jikoni katokea wapi? Pilau likaenda. Lakini hakuna aliyewaita wapishi wezi.

"Dawa yake ipo?" nikamuuliza binti.

"Ipo. Waliotengeneza programu walishatoa marekebisho. Nilimwomba bosi tuzime seva kidogo niyaweke, akakataa."

"Alikuomba?" nikamgeukia tajiri.

"Mama, biashara haizimwizimwi."

"Basi mlango uliuacha wazi wewe."

Akasimama. "Aombe radhi, au kazi hana."

"Kazi ichukue. Jina la mwanangu liache hapahapa."

Tajiri alipoondoka, kaka zake binti na shangazi yake wakamzunguka binti: kaombe tu, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi? Nikawanyamazisha wote.

"Mtu wa nyumba hii asiende kwa yule tajiri kuomba radhi, hata kwa kificho. Na mkiulizwa huko nje, jibuni kwa sauti: hakutoa."