Skrubu za Fundi wa Panga

Usiku ule bodi ilipojifungia kuamua kama chuo kiendelee na timu ya mchezo wa upanga, Darlene Hruska alisubiri katika chumba cha fundi anayetengeneza panga za timu, kwa sababu ndicho kilichokuwa na joto. Binti yake Corinne alikuwa nahodha, na timu ikifutwa angehama chuo. Fundi aliendelea na kazi yake. Alichukua upanga mmoja mmoja, akausimamisha na kuweka uzito mdogo juu ya ncha, ambayo ina springi ndani na ikibonyezwa huwasha taa ya kipimo mezani. Springi nzima iliuinua uzito na taa ikazimika. Springi ikilegea, alifungua ncha kwa bisibisi nyembamba na kutoa skrubu mbili ndogo kuliko chembe ya mchele. Vidole vyake vilikuwa vinene kama soseji, lakini skrubu hazikumponyoka.

“Usikohoe, mama,” alimwambia Darlene. “Mwezi jana kocha alipiga chafya hapa, tukatambaa sakafuni saa nzima tukitafuta skrubu.”

“Na wakiifuta timu, hizi unamtengenezea nani?”

“Jumamosi kuna mechi.”

Mlango ulifunguliwa. Mkuu wa michezo alisimama kizingitini, theluji ikiingia nyuma yake. “Imefutwa,” alisema. “Jumamosi ndiyo ya mwisho.”

Fundi aliinua mkono juu, kama wachezaji wake wanavyokiri wakiguswa na upanga wa mpinzani, kabla mwamuzi hajasema lolote. Kisha akaushusha, akachukua upanga uliofuata.

“Funga mlango, bwana. Taratibu, skrubu zangu ziko wazi.”

Mkuu aliufunga taratibu sana. Haikupotea hata moja.