Mwakilishi wa misiba yote na dada anayesubiri Wete

Saa kumi na robo jioni, swala ya Alasiri imekwisha. Mahfoudh Yaqdhan anavua viatu mlangoni mwa sabla, ukumbi wa mtaa ambamo watu wa Sib, Oman, hukutana kwa harusi na misiba. Anashika mkono wa kila mwanamume aliyekaa kando ya ukuta, thelathini na mmoja kwa jumla. Anakaa, anakunywa kahawa kikombe kimoja, anakitikisa kuonyesha inatosha, anasimama. Anaanza mikono upya.

Dakika kumi na mbili. Hii ni azaa, kikao cha kuwapa pole wafiwa; ni ya tatu kwake wiki hii, na leo ni Jumatatu.

Mahfoudh, 68, ni mjumbe wa Baraza la Shura, baraza la kuchaguliwa la nchi. Yuko kipindi cha nne, mwaka wa kumi na tano. Daraja la juu ya wadi, bonde la mto wa msimu, ni lake: aliliomba kwa mawaziri watatu, miaka tisa. Kabla ya hapo, mvua ikinyesha sana, watoto wa ng'ambo walikuwa wakilala shuleni. Zahanati isiyofungwa mchana ni yake pia.

"Nusu ya niliyoyaomba sikuyapata," anasema. "Andika hivyo hivyo."

Lakini wapiga kura wake hawampimi kwa aliyoyasema Barazani. Wanampima kwa misiba aliyokosa.

Miaka saba iliyopita alipasuliwa nyongo, akakosa azaa moja. Marehemu alikuwa baba yake Loay, fundi wa viyoyozi aliyemfanyia kampeni mara mbili. Uchaguzi uliofuata, Loay alimpigia kura mtu mwingine, na haoni haya kulisema.

"Nilijua kapasuliwa," anasema Loay. "Lakini baba yangu alikufa mara moja tu."

Mahfoudh alishinda kwa kura sitini na moja. Tangu hapo hajakosa hata azaa moja. Kwa hesabu yake ni zaidi ya mia mbili kwa mwaka, na zote anajiendeshea gari mwenyewe.

Aliyekosa kuonana naye ni dada yake.

Familia ilipoondoka Zanzibar mwaka 1964, Mahfoudh alikuwa na miaka sita. Dada yake Muhsina, mwenye kumi, alikuwa Wete, Pemba, kwa bibi yao. Hapakuwa na nafasi ya kumfuata. Alilelewa na bibi, akaolewa huko huko, akazaa huko huko. Ndugu hao wawili wameonana mara tatu tu tangu siku ile. Mara ya mwisho ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita, kabla Mahfoudh hajaingia Barazani.

Baada ya hapo amekata tiketi mara nne. Mara nne amefiwa na mtu wa wilaya yake siku mbili tatu kabla ya safari, akaghairi.

Bi Muhsina hupiga simu kila Ijumaa. Mahfoudh anasema siku hizi dada yake amechoka kugombana naye, anamtania tu. Humwita Mheshimiwa, humwuliza mawaziri hawajambo. Mwezi uliopita alimwambia jambo ambalo Mahfoudh analirudia akitazama chini.

"Kaniambia, 'Wenzangu wanakuona kila siku kwa kuwa wamekupigia kura. Mie kosa langu ni lipi, kuzaliwa nawe?'"

Presha ya macho imeshalichukua jicho la kulia la Bi Muhsina. La kushoto, daktari wa Chake Chake amesema, halina mwaka. Kwenye simu ya picha haoni tena uso, anaona kivuli chenye kilemba.

"Mie nnamuona, yeye hanioni," anasema Mahfoudh. "Nataka nikae mbele yake mchana, kwenye mwanga, karibu hivi. Anitazame mpaka achoke. Sina shughuli nyingine Pemba."

Safari hii tiketi hakukata yeye. Amekata bintiye Taghreed, muuguzi, kwa ajili ya Alhamisi, na amekata mbili.

"Nimemwambia, Baba, ukighairi nakwenda peke yangu, namwambia shangazi umekufa," anasema Taghreed. "Huo ndio udhuru pekee anaoukubali Baba mwenyewe."

Baba yake anacheka, halafu anaacha. Uchaguzi ni mwakani. Amewaambia wazee wa mtaa kwamba hatagombea. Wao wamejifanya hawakusikia, wakamletea orodha ya wagonjwa. Mmoja wa wagonjwa hao, mzee wa miaka tisini na mbili, hali yake si nzuri tangu jana.

Tulimuuliza Mahfoudh atafanya nini mzee huyo akifariki Jumatano.

Aliutia ufunguo wa gari mfukoni.

"Watamzika," alisema. "Hawajamwacha maiti juu ya ardhi hata siku moja kwa kunisubiri mie."