Upande wa Nyuma wa Shuka

Kila umeme unapokatika hapa mtaani, jirani yangu huwasha mashine yake ya petroli, na harufu ile ikinifikia mimi huacha nilifanyalo. Wajukuu hukimbilia kufunga madirisha. Wasema moshi ule huua. Mimi langu silifungi. Harufu ya petroli, ikichanganyika na majani yaliyokanyagwa na watu wengi, ndiyo harufu ya sinema yangu ya kwanza, na ndiyo harufu ya mwaka ambao mamangu alifungwa. Sisemi kufungwa jela, msinifahamu vibaya. Nitafika huko. Mimi nikieleza jambo huzunguka kidogo, mnisamehe. Chuo nilichosoma utotoni ni cha Kurani tu, na hicho nacho nilitoroka sana.

Wajukuu hao hao hawapendi kutazama filamu pamoja nami. Mtu apigwa risasi begani, akigeuka shati li safi. Mwanamke atoka nyumbani kwa viatu vyekundu, afika mjini kwa vyeusi, na njiani hakusimama. Mimi husema. Wao hunambia, "Nyanya, tazama tu, ni filamu."  Lakini jicho hilo sikulitafuta, nililirithi kwa mamangu, na lake liliona kila uwongo wa ile sinema isipokuwa mmoja.

Babangu, Bakari, alikuwa mkwezi wa minazi huku Kisauni. Alikuwa mashoto. Chakula alikula kwa mkono wa kulia kama watu, kwa kuwa mamake alimfunga ule mwingine kwa kitambaa utotoni mpaka akazoea, lakini kazi zote alizifanya kwa kushoto. Panga lake lilinolewa ubavu mmoja, ule umfaao mashoto, na mtu mwingine akilishika lilimteleza. Alikuwa na shamba dogo la minazi aliloachiwa na babake, na nduguye, ami Salim, alikuwa na lake kando. La babangu lilikuwa zuri zaidi. Hilo mliweke moyoni.

Vita vilipokuja akachukuliwa, mimi ningali mgongoni kwa mama. Sura yake siijui. Namjua kwa panga lile, ambalo mama alikuwa akilipaka mafuta ya nazi lisishike kutu.

Nimeshakuwa mtoto wa kuchezea nje, wakaja wanaume wawili wa Magogoni waliokuwa naye vitani. Mmoja alikuwa amekonda hata kanzu ikamvaa yeye. Wakakaa barazani, wakasema meli yao ilizama njiani, kabla haijafika Bama ng'ambo ya bahari, na Bakari alizama nayo, wamemwona. Mashahidi wawili, Waislamu, watu wazima. Shehe wetu akamwita mama mlangoni akamwambia, kwa upole, aingie eda, akae ndani kama mfiwa miezi minne na siku kumi. Mama akaitika, "Abee." Akaomba muda mfupi tu, mpaka nyanya mzaa mama avuke kutoka Likoni amletee nguo nyeupe za kukalia.

Katikati ya siku zile ndipo gari la sinema lilipokuja. Lilivuka lile daraja la kuelea la Nyali, watoto tukalikimbilia, na ndani yake bwana mmoja wa bara akipiga kelele kwa bombo, lile tarumbeta la kupazia sauti, kwamba jioni ile, baada ya isha, tutaonyeshwa askari wetu walioko Bama. Mama alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini. Watu walimsema baadaye, eti mwanamke wa msiba kwenda sinema. Hakwenda kwa starehe. Alitaka kuona mahali mumewe alikokuwa akipelekwa.

Sasa wazee wetu hawakutaka wanawake na wanaume wachanganyike kiwanjani. Yule bwana wa gari alikuwa ametundika shuka jeupe baina ya miti miwili, na mashine yake iko mbele. Wazee wakakata shauri: wanaume wakae mbele ya shuka, penye mashine, na wanawake wakae nyuma yake. Shuka jepesi, picha yaonekana pande zote mbili. Kila mtu akaridhika. Tukatandika mikeka, tukakaa na mabuibui yetu, na ile petroli ikinuka.

Picha ya kwanza ilikuwa hadithi. Askari aaga mkewe mlangoni. Mke ana mtoto mgongoni, na kando ya nyumba pana mahindi yafikayo magotini. Askari aenda zake, miaka yapita, yule bwana atwambia kwa bombo kwamba miaka yapita, kisha askari arudi na mikanda na viatu ving'aavyo. Mke yuko mlangoni pale pale. Mtoto yu mgongoni vile vile. Mahindi nayo, magotini.

Jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa na tambuu mdomoni saa zote, akatema kando. "Mtoto huyu alishwa nini, changarawe?"

"Hata hajageuza shingo," akasema mwengine.

"Na mahindi je?" Huyo alikuwa mama. Alikuwa hajasema neno tangu tutoke nyumbani. "Yangojea ruhusa ya mzungu ndipo yaive?"

Wanawake walicheka hata upande wa wanaume ukatwambia tunyamaze. Mama akaendelea, kama mtu aliyepata pa kupumulia: kanga ni ile ile, haikupauka, jogoo aliyepita mumewe akiondoka ndiye aliyepita akirudi, na mkia wake una pengo lile lile. "Huyu mwanamke," akasema, "amesimama mlangoni miaka yote hiyo kama nguzo. Hapiki? Haendi kisimani? Uwongo gani huu?"

Nilijivuna kuwa mwanawe.

Kisha ikaja picha ya pili, na hii haikuwa hadithi. Ilikuwa Bama penyewe, msitu, mvua, watu weusi wa kwetu wakisukuma magari kwenye matope. Wanawake wakaacha kucheka. Na hapo, kwa muda mfupi kama wa kunywa maji, akaonekana mtu amekaa chini ya mnazi, kofia pana imemfunika uso, achonga dafu kwa panga ampe mwenziwe aliyefungwa bendeji.

Alishika panga kwa mkono wa kushoto.

Mama akasimama. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Bakari." Kisha, kwa sauti zaidi, "Tazameni mkono."

Wote walimjua Bakari na mkono wake. Ghasia iliyotoka hapo hata bwana wa gari akasimamisha mashine, na alipoelezwa akakubali kuirudia picha ile. Mimi nikazunguka mbio kwenda upande wa pili kumwambia ami Salim, maana nduguye mtu ni nduguye. Nilimkuta amekaa mbele kabisa. Nikafika wakati picha yaanza tena: matope, mvua, mnazi, yule mtu na dafu lake. Nikaangalia. Panga lilikuwa mkono wa kulia.

"Ami," nikasema, "mbona huku yuakatia kulia?"

Ami akanivuta magotini kwake, akaniziba mdomo kwa kiganja chake kikubwa kinukacho tumbaku. "Nyamaza tutazame," akasema. Alitazama mpaka picha ikaisha. Kisha akainuka, akazunguka shuka, akakohoa kama wafanyavyo wanaume wakikaribia wanawake, akasema, "Shemeji, ni yeye. Nimemwona kwa macho yangu. Kushoto, vile vile."

Mama akaketi chini akalia, na Bi Zuhura akampepea kwa ncha ya buibui.

Njiani kurudi nilimwambia mama. Nilimwambia kwamba upande wa kina ami mtu yule yuakatia kulia. Alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa moto.

"Basi sinema yao imekosea," akasema. "Hukuyaona yale mahindi?"

Nikaridhika. Hata mimi niliona ni jambo la sinema, mambo hayalingani.

Asubuhi ami alikwenda kwa shehe. Shehe akasema kama ndugu wa damu amemwona mtu yu hai, basi pana shaka, na penye shaka mke hakai eda. Wale mashahidi wawili waliambiwa wamechanganyikiwa kwa vita. Yule aliyekonda alikuja mara moja tena, akasimama uani, akamwambia mama, "Mimi nilimwona, dada." Mama akamjibu, "Nami nilimwona." Mtu yule akenda zake.

Nyanya alivuka na zile nguo nyeupe, zikatiwa sandukuni.

Kwa kuwa Bakari yu hai, hakukusomwa hitima. Kwa kuwa yu hai, hakukurithiwa kitu. Shamba lilihitaji mtu wa kuliangalia mpaka mwenyewe arudi, na nani zaidi ya nduguye? Ami Salim aliangua nazi zile msimu baada ya msimu, akazikausha mbata akauza mjini, akajenga nyumba ya mawe. Kila akiangua alituletea kikapu, na mama alimshukuru. Nakumbuka alivyomshukuru, mikono miwili, kichwa chini.

Alikuja pia fundi cherehani mmoja wa Frere Town aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, Mwislamu mzuri, akapeleka maneno ya posa kwa nyanya. Mama alijibu, "Mimi ni mke wa mtu." Yule fundi alingoja kitambo, kisha akaoa kwengine. Siku ya harusi yake mama alikuwa akilipaka panga mafuta.

Vita vikaisha, wa kurudi wakarudi. Mama alisema Bama ni mbali.

Sasa mimi nikaolewa, nikazaa, bendera zikabadilika, na serikali ikaja na lile darasa la ngumbaru kwa watu wazima tusiojua kusoma. Nilikwenda kwa udaku zaidi. Mwalimu alikuwa ameandika herufi kubwa kwa wino kwenye kitambaa cheupe, akakitundika mlangoni juani. Siku moja nilichelewa, nikapitia nyuma. Nikaziona herufi zote zimetazama upande usio wake. Nikaingia ndani, nikaketi, nikageuza kichwa: zimekaa sawa.

Sikusoma neno siku ile. Nilikaa pale, na puani petroli.

Sisi sote kiwanjani tulikuwa na kanga ndani ya mabuibui. Kila siku twazianika kambani, na maandishi yake ukiyatazama kwa nyuma yamepinduka. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyezijua herufi za kizungu, hata ayaone maneno yaliyoandikwa kwenye sinema ile yamekaa kinyume, na mkono wa kulia umekuwa wa kushoto.

Nikenda kwa mama. Ami alikuwa ameshazikwa, na wanawe ndio wenye shamba. Mama alikuwa mzee, amekaa uani. Sikujua niseme vipi, basi nikatundika kanga kambani, nikamwambia, "Mama, simama huku utazame hizi alama. Sasa njoo huku." Akaenda, akarudi. Akaenda tena. Nikamwambia tulikaa upande gani wa shuka.

Alikuwa na akili upesi, mamangu. Alisimama akishika kamba. Nilidhani atamlilia babangu.

"Salim alikaa upande gani?" akaniuliza.

"Wa mbele, mama. Na wanaume."

"Na alinambia kushoto."

"Alikwambia kushoto."

Akaiachia ile kamba. Kisha akaniagiza sandukuni. Zile nguo nyeupe zilikuwa zimekuwa na rangi ya manjano kwenye mikunjo. Akanambia nimwite shehe, yule aliyemrithi yule wa zamani, aje amwingize eda.

Shehe akaja, kijana wa heshima, akaamkia shikamoo. Akasikiliza yote. Kisha akamwambia kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya kupata habari. "Yako ilikwisha zamani, mama, wakati wa vita. Tangu hapo ulikuwa huru."

Mama akaziweka nguo magotini, akazikunja upya, pole pole, akifuata mikunjo ile ile ya zamani. Mimi nikamtazama pale mlangoni alipokaa. Nikamkumbuka mwanamke yule wa kwenye shuka, tuliyemcheka sote kiwanja kizima, aliyesimama miaka yote mahali pamoja na mahindi yake yasikue. Tulisema haiwezekani.