Mashine Iliyongoja Jibu la Migori

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa naishi Migori, lakini kazi ilinipeleka mara kwa mara Homa Bay, kwenye chumba baridi cha kuhifadhia samaki. Tulikuwa wawili: mimi niliyeandika programu, na fundi mkuu, aliyeitwa na wote Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Yeye aliniita nyathiwa, mtoto wetu, hata mbele ya wageni.

Ukutani tulifunga kompyuta ndogo isiyo na skrini. Ilifungua soketi, yaani mlango wa kuzungumza na ofisi ya Migori kupitia laini ya simu, ikatuma kiwango cha baridi na kuomba ruhusa. Ruhusa ikifika, sehemu nyingine ya programu, ile ya kudhibiti vifaa, iliwasha kompresa, mtambo wa kupoza chumba. Meneja wa Migori alitaka hivyo: kisiwake kitu bila ofisi kujua.

Alasiri moja mvua ilinyesha, laini ikakatika. Mama aliyesimamia upakiaji wa samaki aina ya mbuta akatoka chumbani akipangusa mikono kwenye aproni.

"Barafu inayeyuka. Mashine yenu imekufa?"

Jaduong' akatega sikio kwenye kompresa. Kimya.

"Haijafa," akasema polepole. "Inangoja Migori."

"Basi ingoje. Samaki wangu hawangoji."

Akavuta swichi ya mkono mwenyewe, kompresa ikanguruma.

Tuliketi juu ya kreti tupu. Taa ya kijani ya ile kompyuta ilikuwa bado inawaka, nami nikaihurumia kama mtu.

"Tuiambie soketi isingoje," nikasema. "Ikikosa jibu, programu itazame kipimajoto iamue yenyewe."

"Nyathiwa, kazi ya mashine ni kutii."

"Itii nani, Jaduong', kama hasikiki?"

Jaduong' akavuta laptopu yangu. "Nionyeshe mahali penyewe."

Kilichohitajika kwa soketi ni amri moja fupi. Aliiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akiisoma kila herufi kwa sauti. Iliyobaki, ile ya kuamua, niliiandika mimi. Hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kuipa mashine uamuzi.

Laini iliporudi na kompyuta kutuma ripoti yake, meneja alipiga simu akifoka. Kompresa ilikuwa imewaka na kuzima yenyewe, nani aliruhusu?

"Tulikuuliza, bwana," Jaduong' akamjibu. "Hukusema kitu."

Akaweka simu chini taratibu, akaniuliza kama nimekula.