Pikipiki ya Mahari

Maige, mtoto wa Mzee Ngassa wa Didia, alikuwa na ugonjwa wa pikipiki. Mlio ukisikika barabarani, hata jembe likiwa hewani, angekwambia ni aina gani na mwenyewe kachelewa kubadilisha oili. Baiskeli hakuitaka tena, kwani alikuwa amebebea maji na magunia ya mpunga mpaka magoti yakazeeka kabla yake. Guta la magurudumu matatu alilifikiria, akaliacha kwa sababu haliingii njia za machimboni. Chombo chake cha kwanza kingekuwa pikipiki, basi.

Fedha hakuwa nayo. Zizini, hata hivyo, walikuwemo ng'ombe.

Walikuwa wanane, na walikuja kwa ajili ya Limi, dada yake, alipoposwa na Bujiku, mwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Kwa Wasukuma ng'ombe wa dada ndio mke wa kaka: wanakaa, wanazaa, na kaka akipata mchumba wanatoka tena. Lipo na jambo la pili, ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja siku ya harusi. Binti akishindwa ndoa kabla ya kuzaa, ng'ombe hurudi kwa wenyewe, ndipo naye awe huru.

Hilo la pili Maige hakulipa nafasi kichwani. Msimu mzima alimkalia baba yake kooni. Pikipiki ingebeba mawe machimboni, alisema, ingerudisha ng'ombe wote waliouzwa, kisha ingemwolea mke.

"Ng'ombe ni kero, najua," alisema Mzee Ngassa. "Anataka maji, anataka majani. Lakini anazaa. Hicho chuma chako kitazaa nini?"

"Baba, dunia imebadilika."

"Imebadilika. Mahari ndiyo ile ile."

Aliyemlegeza mzee ni Limi mwenyewe, wiki ile ya kuondoka kwenda kwa mume. Alipiga magoti mbele ya baba yake akasema, "Mpe kaka, baba. Mimi naenda kukaa, siendi kutembea." Alimpenda kaka yake, na alikuwa bibi harusi, bibi harusi gani huwaza kurudi?

Ng'ombe watano wakapelekwa mnadani. Maige akaenda Shinyanga mjini na rafiki yake Marselino, fundi aliyejifunzia kazi Mwadui, wakazunguka maduka ya Kambarage kutwa nzima. Palikuwa na moja nyekundu, taa kila mahali, inang'aa, na Maige akaikalia akagoma kushuka. Marselino akamvuta shati.

"Hiyo ni ya kwendea kanisani," alisema. "Wewe unakwenda kubeba mawe. Angalia springi, angalia fremu. Chukua ile nyeusi."

Akachukua nyeusi. Mtu asimseme Maige kwa pikipiki aliyoichagua, maana aliichagua vizuri sana. Barabara za machimboni zilimeza nyingine zilizonunuliwa mwezi ule ule, yake ikadunda. Ilibeba viroba vya mawe kutoka mashimoni hadi kwenye karasha yanakosagwa, asubuhi hadi giza, na Maige alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata shambani. Ila pikipiki nayo ina tumbo. Ilikula mafuta, ikala mataili, ikala cheni, na mwenyewe naye ale. Ng'ombe wa kurudisha alimwahidi baba yake kila Krismasi. Huko nyumbani wale watatu waliobaki ukame uliwamaliza.

Limi alirudi Didia mwaka wa tatu, kwa basi, bila begi. Mkono wa kushoto haukunyooka. Mtoto hakuwa amepata, na Bujiku alikuwa amechoka kusubiri. Mwanzo alichoka kwa maneno, baadaye kwa ngumi. Mama yao alimkanda kwa maji ya moto na hakumuuliza kitu. Maige alipopigiwa simu aliendesha moja kwa moja mpaka nyumbani, na alipouona ule mkono akatoka nje akalia kama mtoto.

Wazee wa upande wa Bujiku walifika kwa heshima zote. Walisalimia, walikunywa maji, wakasema hawamlazimishi mtu kukaa asikotaka. Ng'ombe wao tu warudi.

"Twende polisi," Maige alimwambia baba yake walipoondoka. "Amemvunja mkono."

"Twende. Wakimfunga leo, kesho ndugu zake watakuja kuchukua ng'ombe. Watachukua nini hapa? Mimi?"

Kesho yake Maige aliipeleka pikipiki Kambarage kuiuza. Mnunuzi aliizunguka, akaigonga tangi, akatikisa usukani. Bei aliyotaja ingenunua ng'ombe mmoja, tena aliyekonda. Maige alikwenda kwa wa pili na wa tatu, na wote walisema yale yale: hii imebeba mawe. Alirudi nayo nyumbani. Mwenyewe alisema baadaye kwamba njia nzima alitamani gari limgonge.

Walizungumza jioni, wote wanne. Au tuseme Limi alizungumza, watatu wakasikiliza.

"Nirudisheni," alisema. "Mkikaa hapa mnanitazama hivi, ndiyo nitakufa."

Hakuna aliyemwambia usiende. Wangemwambia, ng'ombe wangetoka wapi?

Maige na Limi walisafiri kwa pikipiki mchana kutwa, Limi nyuma amejishikilia kwa mkono mmoja. Kahama walisimama wakanywa chai. Maige alitaka kumwomba radhi, akaishia kumuuliza kama anataka chapati. Alisema hataki.

Bujiku aliwakuta wanaingia uani. Hakufoka, hakutukana. Limi alishuka, akapiga magoti kumsalimia, naye akaitikia kama mtu aliyemtuma mkewe dukani. Kisha akatoa noti mbili mfukoni akamnyooshea Maige.

"Pole na safari, shemeji. Nauli yako hii."

"Mimi ni kaka yake," alisema Maige. "Mimi sio bodaboda wako."

"Najua. Lakini umemleta."

Mkono wa Bujiku ulibaki pale pale, noti zinapepea. Tangi lilikuwa limekauka, na mfukoni Maige alikuwa na sarafu za chai. Limi, bado yuko chini, akamtazama kaka yake.

"Pokea, kaka," alisema taratibu. "Utafikaje nyumbani?"

Maige akapokea.